GIZA HALITOKI PORINI
Uhakiki wa nadharia ya uovu wa asili, kwa kuangalia riwaya moja ya Kiingereza na mambo yaliyotokea katika nchi ya Wasukuma

Iko nadharia moja kongwe ambayo kila baada ya muda huvalishwa nguo mpya na kuletwa mbele ya wanafunzi wetu kana kwamba imegunduliwa jana. Nadharia hiyo yasema kwamba ndani ya kila binadamu mna giza. Kwamba ustaarabu ni ganda jembamba tu lililofunika giza hilo. Na kwamba siku sheria, mahakama na polisi vikiondolewa, ganda litapasuka na binadamu atarudi kuwa mnyama. Mwingereza Thomas Hobbes aliifanya nadharia hiyo kuwa falsafa ya dola katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, wakati nchi yake imetoka kuraruliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwingereza mwingine, William Golding, aliifanya riwaya mwaka 1954. Riwaya hiyo, Lord of the Flies, yaani Bwana wa Nzi, imesomeshwa katika shule za nchi nyingi, hata watu wengi wanaoirudia hoja yake hawajui tena kwamba wanamrudia mwandishi fulani. Wao hudhani wanasema jambo linalojulikana na kila mtu.

Tunaishughulikia nadharia hii kwa sababu ya kazi, si kwa anasa ya kusoma riwaya. Sisi tunaoandika kutoka Nyashimo, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, tunaishi katika sehemu ya nchi iliyotajwa mara nyingi magazetini kwa habari za vikongwe waliokatwa mapanga na za watu wenye ualbino waliowindwa. Mara nyingi tumewasikia watu wenye elimu wakiyaeleza mauaji hayo kwa maneno mepesi, kwamba ndivyo binadamu alivyo; au, kwa ubaya zaidi, kwamba ndivyo watu wa huko walivyo. Kada anayesema hivyo ameshaweka silaha zake chini. Maana ikiwa uovu ni asili, hakuna wa kuulizwa. Na ikiwa hakuna wa kuulizwa, dawa inayobaki ni fimbo peke yake. Tutaona hapa chini fimbo hiyo ilifanya nini mwaka 1976.

1. Riwaya inasema nini

Hadithi ya Golding ni nyepesi kuieleza. Wakati wa vita kubwa, ndege iliyowachukua wavulana wa Kiingereza inaanguka katika kisiwa kisicho na watu. Hakuna mtu mzima aliyesalimika. Mvulana Ralph anaokota kome kubwa la baharini, analipuliza kama baragumu, wenzake wanakusanyika, wanamchagua kuwa kiongozi na wanakubaliana kwamba anayelishika kome ndiye mwenye haki ya kusema. Wanakusudia kuwasha moto ili meli zione moshi. Moto wenyewe wanauwasha kwa miwani ya Piggy, mvulana mnene mwenye pumu ambaye kila mtu anamcheka. Kiongozi wa waimbaji, Jack, anageuka kuwa kiongozi wa wawindaji. Watoto wadogo wanaanza kuogopa mnyama ambaye hakuna aliyemwona. Hofu hiyo inakua, kundi linagawanyika, Simon anauawa usiku katika ngoma ya wawindaji, Piggy anauawa kwa jiwe, na mwishoni Ralph mwenyewe anawindwa mpaka pwani, ambako anamkuta ofisa wa jeshi la majini amesimama mchangani.

Tusimwonee mwandishi. Golding, aliyezaliwa mwaka 1911 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, alipigana katika Vita Kuu ya Pili akiwa katika jeshi la majini, na baadaye alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana. Aliyaona kwa macho yake mambo yaliyofanywa na mataifa yaliyojiita yaliyostaarabika. Tena alikuwa anajibu kitabu cha zamani cha R. M. Ballantyne, The Coral Island, ambamo wavulana wa Kiingereza wanaoachwa kisiwani wanabaki safi, na uovu unakaa kwa wenyeji weusi. Golding alikataa uongo huo. Aliwaambia watu wa taifa lake kwamba ushenzi wanaoutafuta ng'ambo wanao nyumbani. Hilo lilihitaji ujasiri na tunalikubali. Tena yule ofisa wa mwisho hakuja kutoka katika dunia ya amani. Meli yake nayo imo katika kuwinda watu. Kejeli hiyo ni ya haki.

Tatizo linaanza pale anapotaka tuamini chanzo cha maovu hayo. Kwa Golding chanzo ni moyo wa mtu, na kanuni zipo kama kifuniko tu. Je, kisa chenyewe alichokisimulia chathibitisha hivyo?

2. Ushahidi uliomo ndani ya riwaya yenyewe

Msomaji akirudi kukisoma kitabu kwa makini, ataona kwamba kifo cha kwanza hakitokei baada ya kanuni kuvunjika. Kinatokea mwanzoni kabisa, siku kome linaheshimiwa, kiongozi amechaguliwa na kila mtu anafurahia utaratibu mpya. Mtoto mmoja mdogo, mwenye alama usoni, anasimama katika mkutano na kusema anaogopa. Wanamcheka. Kisha kundi lote linakimbilia mlimani kuwasha moto. Moto unawashinda nguvu, unaunguza msitu, na mtoto yule haonekani tena. Piggy peke yake ndiye aliyejaribu kuandika majina ya wadogo, akashindwa kwa kuwa hakuna aliyemngojea. Basi hata hasara yenyewe hawakuweza kuijua. Mwishoni ofisa anamwuliza Ralph wako wangapi, naye hawezi kujibu.

Tunaona hapa ndipo moyo wa riwaya ulipo, ingawa mwandishi alitaka tutazame penginepo. Jamii ile ilikuwa na kanuni, mwenyekiti na mkutano, lakini kulikuwa na watu ambao haikuwahesabu. Piggy naye ni vivyo hivyo. Tangu mwanzo hadi mwisho hatulijui jina lake. Alimwomba Ralph asiwaambie wenzake jina la matusi aliloitwa shuleni, na Ralph, mtu mwema wa hadithi hii, akalitangaza mbele ya wote wakacheka. Siku jiwe linapompiga Piggy, yeye amelishika kome mkononi, yaani ndiye mwenye haki ya kusema. Lakini ilishakubaliwa zamani, katika siku za utaratibu, kwamba maneno ya Piggy hayana uzito.

Msomaji anaweza kutupinga kwa mfano wa Roger, na ni haki yake, maana hapo ndipo hoja ya Golding ilipo na nguvu zaidi. Mwanzoni Roger anamrushia mtoto mawe, lakini anayaelekeza pembeni, kwa kuwa mkono wake bado unazikumbuka kanuni za nyumbani. Baadaye anaporomosha jiwe na kuua. Kanuni zimeyeyuka, giza limetoka. Ndivyo tunavyotakiwa kusoma. Lakini kati ya matukio hayo mawili kuna jambo ambalo Golding mwenyewe ameliandika wazi. Roger amejiunga na Jack. Amesikia kwamba Jack ameamuru mvulana afungwe na kupigwa bila kueleza kosa, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Roger hakuua kwa kukosa mtawala. Aliua chini ya mtawala, karibu na kiti chake, akijua hatajibu kwa yeyote. Jack naye hakuupata utawala huo kwa giza la moyo tu: aliupata kwa nyama aliyoigawa kwa wenye njaa, kwa hofu ya mnyama aliyoitunza isipoe, na kwa miwani ya Piggy aliyoipora usiku. Aliyeshika miwani ndiye aliyeshika moto. Hapo pana uchumi na pana siasa, wala hapahitaji pepo.

Twaweza kuongeza tukio moja la kweli. Mwaka 1965 wavulana 6 wa Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, walitoroka shule kwa mashua, wakapotea baharini na kutupwa katika kisiwa cha 'Ata kisicho na watu. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja mpaka nahodha mmoja wa Australia, Peter Warner, alipowakuta mwaka 1966. Walikuwa wamelima bustani, wamegawana zamu, na moto wao haukuzimika. Mmoja alipovunjika mguu, wenzake waliufunga mguu huo na kufanya kazi zake mpaka akapona. Hatusemi kwamba kisa hicho chathibitisha kuwa watu wote ni malaika. Twasema tu kwamba walikuwa 6, walijuana kwa majina, na wote 6 walihesabiwa.

3. Neno "giza" lilipita hapa

Kabla ya kuyaangalia mambo ya kwetu, yafaa tukumbuke kwamba neno hili "giza" si geni katika ukanda huu wa ziwa. Machi 1875 Henry Morton Stanley alianza safari yake ya kulizunguka Ziwa Viktoria kutoka Kageye, upande wa kusini wa Ghuba ya Speke, akaelekea mashariki, akapita mlango wa Mto Simiyu, kisha akaambaa na pwani zetu hizi za Busega. Kitabu cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1878, alikipa jina linaloliita bara hili bara la giza. Lakini Agosti 1875, katika kisiwa cha Bumbire upande wa magharibi wa ziwa, Stanley yuyo huyo aliwapanga watu wake katika mitumbwi na kuwapiga risasi wenyeji waliosimama ufukoni na mikuki, akaua makumi, kulipiza kisasi cha matusi na ugomvi wa miezi mitatu nyuma. Hakuwa amepotewa na sheria. Alikuwa na bunduki, alikuwa na magazeti mawili nyuma yake, moja la London na moja la New York, na aliandika mwenyewe habari za mauaji yale bila kuona haya.

Basi mtu akituambia kwamba giza ni hali ya asili inayongojea sheria za wakubwa zije kulifukuza, tunayo haki ya kuuliza: sheria za nani, na zilimhesabu nani? Wabeberu waliitumia nadharia hii kwa miaka mingi kueleza kwa nini lazima watutawale.

4. Mauaji ya vikongwe

Tuje sasa katika jambo linalotuuma. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wakati huo sehemu hii ya Busega ilikuwa mkoa wa Mwanza na Bariadi ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja kuundwa mwaka 2012. Takwimu hizo ni zetu, basi, hatuwezi kuzisukumia kwa jirani.

Je, yalikuwa mauaji ya watu waliokosa kanuni? Hata kidogo. Anayeyajua mambo haya anajua yalivyokwenda kwa utaratibu. Mtoto anaugua, au ng'ombe wanakufa. Wenye nyumba wanakwenda kwa mganga. Mganga anapiga ramli, ile ambayo leo twaiita ramli chonganishi, na ramli inaelekeza kwa mwanamke mzee wa jirani au wa ukoo. Wanaume wanakaa, wanashauriana. Wanatafutwa wakata mapanga, wanapatana bei, pengine ya fedha, pengine ya ng'ombe. Kazi inafanywa usiku, na asubuhi kijiji kizima hakikuona wala kusikia. Pana mshauri, kikao, mkataba, malipo na kiapo cha kunyamaza. Ni kanuni tupu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Alama ya mchawi, kwa imani hiyo, ni macho mekundu. Tuulize macho hayo yalitoka wapi. Nchi ya Usukuma imekatwa miti kwa miongo mingi, kufyeka mapori ya mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwanamke wa hapa amepika kwa mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha, kwa miaka 40 au 50. Moshi ule ndio uliomwekundisha macho. Alipikia ukoo mzima, na alama ya utumishi wake ikawa hati ya kumwua. Akiwa mjane mwenye shamba, na warithi wanaume wanangojea, ramli hupata haraka pa kuelekea.

Watafiti wetu, na hasa Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameonyesha pia kwamba Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilichangia. Watu waliozoea kukaa mbalimbali, na ambao waliokosana waliweza kuhama wakaachana, walisogezwa pamoja kwa haraka. Majirani hawakuchaguana. Njia ya zamani ya kuponya ugomvi ilifungwa kabla njia mpya haijafunguliwa. Kusema hivi si kuukana ujamaa. Nadharia ya ujamaa ilisimama juu ya usawa wa binadamu wote, na ni kwa kipimo hicho hicho tunachopimia kwamba kumpanga mtu katika mstari wa nyumba si sawa na kumhesabu kuwa ndugu.

Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoanza kuenea mwaka 2006 na 2007 katika mikoa hii hii ya ziwa, yanafundisha somo lile lile kwa ukali zaidi. Hapo hapakuwa hata na tuhuma. Palikuwa na soko. Waganga walieneza uongo kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri, na wanunuzi walitafutwa kwa wenye tamaa ya dhahabu na ya samaki. Mauaji yalishamiri wakati fedha zinazunguka kwa kasi kuliko zamani. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa. Nyuma ya mapanga yale palikuwa na bei, na bei hutungwa na watu waliokaa pamoja wakakubaliana.

5. Mwaka 1976: walinzi wa sheria

Wafuasi wa Hobbes watasema: basi, leteni mkono wa dola. Uliletwa. Mwaka 1976 vyombo vya usalama vilianza operesheni ya kukomesha mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mamia ya watu, wanaume kwa wanawake, walikamatwa. Wengi hawakufikishwa mahakamani. Waliteswa ili waseme, na baadhi yao wakafa mikononi mwa walinzi wao. Kwa hiyo yule bibi aliyemkimbia mkata panga angeweza kufia mahabusu, akiulizwa habari za mkata panga.

Hapa kisa chetu kinamshinda Golding kwa kina. Watu waliofanya mateso yale walikuwa na sare, vyeo, mafaili na mishahara. Walikuwa na sheria nyingi, hata walijiona wako juu ya mtu aliyefungwa mbele yao. Waliyemtesa hakuwa tena raia. Alikuwa mtuhumiwa wa uchawi kutoka shamba.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Habari zilipojulikana, Mwalimu Nyerere hakuzificha. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Akajiuzulu pia Waziri wa Nchi Peter Siyovelwa, na Wakuu wa Mikoa wawili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Hakuna aliyesema kwamba viongozi hao walishika fimbo kwa mikono yao. Waliwajibika kwa yale yaliyotendwa chini ya dhamana yao. Baadhi ya maofisa walishtakiwa na kuhukumiwa. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari 1977, TANU na ASP viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Makada wengi huijua tarehe hiyo ya pili na kuisahau ya kwanza. Sisi twadhani zifundishwe pamoja. Kujiuzulu kule hakukumfufua mtu, lakini kulikuwa tangazo la dola kwamba mtu aliyekufa mahabusu, hata kama kijiji chake kilimwita mchawi, alikuwa mtu na anahesabika. Mwinyi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2024, alikuja kuwa Rais mwaka 1985; kuwajibika hakukumshusha heshima.

Wala jambo hili si la nchi yetu peke yake. Mwaka 1994 miili ya watu ilielea katika Mto Kagera mpaka Ziwa Viktoria, ziwa hili tunalovua dagaa. Walimwengu walisema Rwanda imerudi porini. Uongo. Mauaji ya Rwanda yalikuwa na orodha za majina, vitambulisho vyenye kabila, redio ya kutoa amri, vizuizi vya barabarani vyenye zamu, na wakuu wa tarafa waliotoa taarifa kwa wakubwa wao. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilisikiliza ushahidi huo kwa miaka mingi. Watu wale waliuawa kwa amri baada ya kuitwa mende kwa muda mrefu, yaani baada ya kuondolewa katika hesabu ya binadamu.

6. Sungusungu na waandishi wa ng'ambo ya ghuba

Ulikuwepo pia wakati ambapo mkono wa dola ulikuwa mbali kweli. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki ziliingia mikononi mwa wezi wa ng'ombe, na polisi walikuwa wachache. Kwa nadharia ya Golding, hapo ndipo wakulima wa Usukuma na Unyamwezi wangepaswa kuwa wanyama. Walichofanya, kuanzia mwaka 1982 huko pande za Kahama na Nzega, ni kuunda Sungusungu. Walimchagua ntemi wao, katibu na makamanda. Walijiwekea kanuni za mwano, kwamba yowe likipigwa kila mwanamume atoke na upinde wake, na asiyetoka alipe faini. Waliokaidi walitengwa, hawapewi moto wala maji. Wizi wa ng'ombe ulipungua. Uongozi wa Chama uliwatetea mbele ya wanasheria walioshtuka, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua.

Huo ni ushahidi mkubwa kwamba umma ukiachwa peke yake huunda kanuni. Lakini kada asiishie kupiga makofi. Sungusungu hao hao, katika miaka yao ya mwanzo, walifukuza na hata kuua wanawake waliotuhumiwa uchawi. Baraza lao lilikuwa hasa la wanaume. Aliyetuhumiwa hakuwa na sauti ndani yake. Ng'ombe walilindwa vizuri zaidi kuliko bibi.

Waandishi wawili wa Ukerewe, ng'ambo ya ghuba yetu, walilitazama suala hili wakiwa karibu kuliko Golding. Aniceti Kitereza aliimaliza hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe, na kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980. Humo hamna polisi, lakini kila tendo, tangu salamu mpaka faini ya pombe ya ndizi anayolipa mume ili arudishiwe mkewe, lina kanuni yake. Mke aliyekosa mtoto anadharauliwa na ndugu wa mume. Mumewe anakataa kumtoa katika hesabu, na riwaya nzima inasimama juu ya kukataa huko. Euphrase Kezilahabi, katika Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, ana moyo mzito zaidi. Tumaini wake anamwua mkuu wa wilaya, naye anahukumiwa kifo. Lakini hata Kezilahabi, aliyeshutumiwa sana kwa kukata tamaa, hakuandika kwamba Tumaini aliua kwa sababu sheria zilitoweka. Aliua kwa sababu ya shamba, siku sheria mpya ilipofika mlangoni pake. Ndiyo maana twawashauri wanafunzi wetu wasimsome Golding peke yake. Wamsome pamoja na hawa.

7. Kazi iliyo mbele yetu

Tumeona kwamba giza halitoki porini sheria inapokimbia. Huingia kijijini, mahabusu na sokoni pamoja na sheria, pale mtu fulani anapoondolewa katika idadi ya watu wanaostahili kusikilizwa. Kutokana na hilo twapata kipimo cha kazi.

Kwanza, balozi wa shina ajue kila mwanamke mzee aliye peke yake katika nyumba zake, kwa jina lake, na amtembelee kabla ya ugonjwa kuingia nyumba ya jirani, si baada. Piggy wa Golding alijua: anayetaka kuwalinda wadogo huanza kwa kuandika majina.

Pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kwa sauti, kwa Kisukuma pia, mpaka mrithi mwenye haraka ajue kwamba shamba la mjane halipatikani kwa ramli.

Tatu, Sheria ya Uchawi tuliyorithi kwa mkoloni, yenye asili ya mwaka 1928, inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtu anayetuhumiwa. Tujadili bila woga: kwa nini anayehamishwa awe mtuhumiwa, na mpiga ramli abaki na kibanda chake?

Nne, jiko lisilo na moshi, na miti ya kuni iliyopandwa, vihesabiwe kuwa kazi ya ulinzi wa maisha. Itikadi isiyofika jikoni haijafika.

Tano, kiongozi aliye na dhamana akumbushwe Januari 1977. Kila mtu anapokufa mikononi mwa dola, au kijiji kinapokaa kimya juu ya kaburi la bibi, swali liwe moja: nani alikuwa na dhamana, na amejibu nini?

Kazi hizi zinafanyika kwa daftari, mkutano na jembe, na hakuna hata moja inayongoja mpaka moyo wa binadamu ubadilike. Anayetaka kuanza leo, aanze na kazi ya kwanza. Majina ya wazee wa shina lake yanaweza kuandikwa kabla jua halijatua.